Darasa la huruma la Shela: zuri, ila jioni ya tatu irekebishwe

Juu ya paa la nyumba moja ya wageni pale Shela, kisiwani Lamu, Kenya, hufanyika darasa la jioni tano mfululizo, na somo lake ni moja tu: jinsi Wabuddha wanavyomkabili mtu mkatili bila kumchukia na bila kumwachia njia. Ni darasa zuri. Mwalimu amefundwa katika Theravada, njia inayofuatwa Sri Lanka na Thailand. Maandiko yake anayajua, na Kiswahili chake kinaeleweka. Lakini katikati pana kasoro kubwa, na mtu aliyeumizwa kweli asipoijua mapema anaweza kurudi nyumbani akiwa na hali mbaya kuliko aliyokwenda nayo. Kwa sababu hiyo tunaeleza kwa kirefu.

Swali la kwanza la wenyeji huwa ni kama hii ni ibada. Si ibada. Hakuna sanamu, hakuna udi unaofukizwa mbele ya chochote, hakuna kuinama wala kuimba kwa Kipali, lugha ya maandiko yao. Mwalimu analisema hilo dakika za mwanzo kabisa, na anaongeza kwamba Ubuddha haufundishi habari za Muumba, kwa hiyo kila mtu abaki na dini yake, achukue zoezi. Kulisema waziwazi ni uungwana, hasa katika mji kama Lamu. Saa nazo zimepangwa kwa adabu: kundi la mchanganyiko hukutana baada ya Isha, kundi la wanawake baada ya Alasiri. Ada ni Sh 3,000 kwa jioni zote tano, wakazi wa Lamu Sh 1,000.

Watu hukaa kwenye majamvi, na viti vichache vipo kwa anayevitaka. Kiti si aibu. Anayekaa chini aweke mto mnene chini ya makalio mpaka magoti yawe chini kuliko nyonga. Magoti yakiwa juu mgongo unapinda na miguu inakufa ganzi kabla ya dakika kumi, na mtu anabaki anaisikiliza miguu badala ya moyo wake. Msimu wa kusi upepo unapiga makuti mpaka sauti ya mwalimu inapotea, basi kaa karibu naye.

Jioni ya kwanza anaanza na Kakacupama, yaani mfano wa msumeno, hotuba ya 21 katika Majjhima Nikaya, mkusanyo wa hotuba za Buddha, na humo anachagua kisa cha Vedehika. Bibi huyu wa mji wa Savatthi alisifika kwa upole. Mtumwa wake, Kali, akajiuliza: huyu bibi ni mpole kweli, au ni kwa sababu kazi zangu hazina dosari? Akaamua kumjaribu. Siku ya kwanza akaamka jua limeshapanda, bibi akakunja uso. Siku iliyofuata akachelewa zaidi, bibi akatoa maneno makali. Siku ya tatu bibi akashika komeo la mlango akampiga nalo kichwani, na Kali akatoka nje, damu zinamchuruzika, akawaonyesha majirani huo upole wanaousifu.

Hakuna kisa kingine ambacho kingefaa zaidi kufungulia somo hili. Wengi huja wakidhani ukatili ni mambo ya majambazi na wenye bunduki. Hapa wanakutana nao ndani ya nyumba yenye heshima, mkononi mwa mtu anayesifiwa na mtaa mzima, na anayepigwa ni yule asiye na wa kumtetea. Pia wanaona kwamba upole ambao haujawahi kuudhiwa bado haujulikani kama ni upole.

Baada ya hapo unakuja mfano wa msumeno wenyewe: hata majambazi wakikukata kiungo kimoja kimoja kwa msumeno wa mishikio miwili, ukiruhusu moyo wako uwachukie hujayafuata mafundisho. Watu hushtuka, na wana haki. Mwalimu mzembe angeishia hapo. Huyu anaendelea, na anaeleza mambo mawili. La kwanza, maneno yale yaliambiwa watawa, na yanahusu kinachotokea moyoni, hayasemi usikimbie. La pili analitoa kwenye kanuni za watawa wenyewe. Kanuni ya 74 katika zile zinazoitwa Pacittiya inamkataza mtawa kumpiga mtawa mwenzake kwa hasira, lakini aliyebanwa akapiga ili apate kujinasua hahesabiwi kosa. Kujinasua ruhusa, kulipiza marufuku. Hizi ndizo dakika kumi muhimu kuliko zote katika darasa, na anayechelewa boti jioni ya kwanza akazikosa atazielewa vibaya jioni zote zinazofuata.

Jioni ya pili ni ya metta, yaani kumtakia mtu kheri kwa makusudi, na hapa kazi ni ya mikono, kama tunavyosema. Dakika tano za kutulia na kufuata pumzi. Dakika kumi za kujitakia kheri wewe mwenyewe, sentensi moja kwa kila pumzi inayotoka. Kisha dakika tano kwa mtu unayemheshimu. Utaratibu wa kuanza na nafsi unatoka katika Visuddhimagga, kitabu alichokiandika mtawa Buddhaghosa huko Sri Lanka katika karne ya 5, na sababu yake inaeleweka: ukishajua kwamba wewe unataka raha na hutaki maumivu, unapata kipimo cha kumfikiria mwingine.

Kinachoharibika hapa ni kile kile kila mara. Wapo wanaongoja machozi au joto kifuani, wasipoyapata wanasema zoezi limekataa. Zoezi ni nia. Hisia zikija zimekuja, zisipokuja endelea. Wapo ambao kujitakia kheri kunawachoma, hasa waliozoea kutukanwa nyumbani. Hao waanze na wanayemheshimu, kisha wajiweke kando yake, kama watu wawili waliokaa baraza moja. Na wengi sana humchagua marehemu mama. Buddhaghosa alishaonya kuhusu marehemu, na pia kuhusu mtu unayemtamani: kwa wa kwanza zoezi halisongi mbele, kwa wa pili kheri inageuka ashiki. Mwalimu analitaja onyo hili, lakini analitaja haraka. Alirudie, maana nusu ya wanaolia jioni ile hawalii kwa huruma, wamefiwa.

Sasa jioni ya tatu.

Utaratibu wa kale una ngazi nne: nafsi, unayempenda au kumheshimu, mtu usiyempenda wala kumchukia, halafu adui. Sharti lake ni kwamba hupandi ngazi mpaka ile uliyosimama imelainika. Mtawa anaweza kukaa kwenye ngazi moja miezi. Darasa hili linazibana ngazi mbili za mwisho katika usiku mmoja: dakika saba kwa mtu wa kati, kisha dakika kumi na tano kwa "mtu aliyekuumiza kuliko wote maishani". Ni kosa, na si dogo.

Kinachotokea kinaonekana kwa macho. Pumzi zinakuwa fupi. Taya zinakaza. Mikono inapoa, na baadhi wanafumbua macho kutazama ngazi za kushukia. Mwili haujui kwamba uko Shela juu ya jamvi. Uko tena chumbani pale kipigo kilipotokea. Maneno ya kheri yanaendelea mdomoni lakini moyo uko kwenye kumbukumbu, na kadiri unavyokaza ndivyo kumbukumbu inavyozama. Mwisho mtu anajilaumu: hata kusamehe nimeshindwa. Ameongezewa mzigo juu ya mzigo.

Dawa yake si ngumu, na iko ndani ya kitabu kile kile. Mpe mtu wa kati jioni nzima. Mchague yule anayepita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, na punda wake kila asubuhi, humjui jina, hakukukosea wala hakukufaa. Ukiweza kumtakia huyo kheri kwa dhati, umefanya kazi kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya ukatili hupita juu ya watu tusiowajali. Ukifika kwa adui, anza na aliyekuudhi kidogo: aliyekuzidishia nauli ya boti, aliyekopa sukari akasahau kurudisha. Baki na huyo hata wiki kadhaa. Pumzi ikibana, fumbua macho, weka kiganja juu ya jamvi ulisikie, kisha rudi kwa mtu unayemheshimu na uanze tena. Buddhaghosa mwenyewe anaelekeza hivyo hivyo: hasira ikizuka, rudi nyuma. Kurudi nyuma ni sehemu ya njia, na mwalimu analijua hilo, ila ratiba ya jioni tano inamkimbiza. Akiongeza jioni moja tu, kasoro hii itapungua kwa kiasi kikubwa.

Karatasi inayogawiwa nayo iangaliwe. Inasema: awe na furaha, awe na afya, awe salama, awe na amani. Kwa rafiki inafaa. Kwa mume anayepiga, mke anashindwa kutamka "awe salama", na kushindwa kwake ni akili timamu. Maneno ya zamani yanaanzia kwingine: aepukane na uadui, aepukane na chuki, aepukane na mateso, ajitunze kwa raha. Mtu mkatili akiepukana na uadui, mkono wake unashuka. Hilo mtu aliyeumizwa anaweza kulitaka kwa moyo wote bila kujidanganya. Anayehudhuria aandike maneno haya nyuma ya karatasi na ayatumie.

Jioni ya nne ndiyo inayofanya ada iwe halali. Ni orodha ya Buddhaghosa ya nini cha kufanya hasira ikikataa kutoka, na mwalimu anaipitia kipande kwa kipande bila haraka. Mtazame mkosaji, utafute sehemu moja safi, iwe ya matendo, maneno au nia. Usipoipata, mhurumie kwa mavuno yanayomngoja. Jikumbushe kwamba mwenye hasira ni kama aliyeokota kaa la moto amrushie mwenzake, na anayeungua kwanza ni yeye. Mgawanye mtu yule sehemu sehemu: unazikasirikia nywele zake, au kucha, au mifupa? Hili la mwisho linasikika la ajabu, ila kwa hasira ya zamani isiyo na hatari tena linafanya kazi vizuri ajabu, kwa sababu chuki inahitaji mtu mzima mzima wa kushikamana naye. Kwa hasira ya jana jioni halifai hata kidogo. Ile hoja ya kwamba katika mizunguko isiyo na mwanzo kila kiumbe kimewahi kuwa mama yako, asiyeamini kuzaliwa upya airuke tu. Orodha ni ndefu.

Lililo bora ni la zawadi. Kitabu kinaeleza habari za mtawa mmoja wa makao ya watawa ya Cittalapabbata aliyeondolewa mahali pake pa kulala mara tatu na mtawa mkubwa kwake. Akamwendea na bakuli lake, akamwambia: bakuli hili nilipewa na mama yangu, limepatikana kwa halali, lipokee ili yeye apate thawabu. Uadui ukaishia hapo. Watu wa Lamu hawahitaji kufafanuliwa nguvu ya sahani iliyofunikwa kitambaa inayovuka ukuta kwenda kwa jirani mliyenuniana. Lakini lazima masharti yatajwe, na darasani yanatajwa nusu tu. Zawadi inafaa kati ya watu ambao nguvu zao zinakaribiana. Ipelekwe mara moja, bila ujumbe, bila kungoja jibu. Anayeishi kwa hofu ya mtu asimpelekee mtu huyo zawadi, maana yule ataipokea kama kodi, na kesho ataidai.

Usiku huo huo linaulizwa swali la majambazi. Umekaa na watu watatu: unayempenda, wa kati, na adui yako. Majambazi wanakuja, wanataka mmoja wenu wamuue. Utamtoa nani? Karibu kila mtu hujibu, "Mnichukue mimi." Na kitabu kinasema huyo bado, moyo wake haujasawazika, atakayeona hakuna hata mmoja wa kutolewa, yeye mwenyewe akiwemo, ndiye aliyevunja kuta kati ya mtu na mtu. Kundi la alasiri hunyamaza kimya kirefu baada ya jibu hilo. Wanawake waliolelewa kwamba kupokea kipigo kwa ajili ya watoto ndiyo huruma yenyewe wanasikia, kutoka katika kitabu cha watawa cha karne ya 5, kwamba kujitoa nako ni kupendelea. Kama mtu ana nafasi ya jioni moja pekee, aende hiyo.

Zoezi la matusi ni dhaifu. Linatokana na habari za Akkosaka Bharadvaja, aliyemtukana Buddha huko Rajagaha akaulizwa: wageni wako wasipokula chakula ulichowaandalia, kinabaki cha nani? Darasani wawili wawili wanakaa uso kwa uso, mmoja anatukana, mwenzake anavuta pumzi tatu kisha anasema, "Hayo, ndugu yangu, sikuyapokea." Juu ya paa ni tamu. Ipeleke gatini mbele ya nahodha mnayegombania abiria uone: sentensi ile mdomoni ni dharau, inawasha moto. Pumzi tatu zibaki, sentensi ikae moyoni, na mdomo useme jambo la kawaida: "Nimekusikia kaka, tutazungumza kesho inshallah." Akiwa mtu mzima, "Shikamoo mzee, nimekusikia," kisha ondoka. Kuondoka ndiyo nusu ya zoezi.

Jioni ya tano inatoka nyumbani kwenda kwenye ukatili wa umma. Angulimala, muuaji aliyevaa shada la vidole vya watu, anaacha kuua na kuwa mtawa. Mfalme Pasenadi anamkuta kwa Buddha na hamkamati. Mwalimu, kwa sifa yake, hakati kisa hapo. Anasimulia jinsi watu walivyomrushia Angulimala madongo, fimbo na vigae, akarudi kichwa kinavuja damu na bakuli limevunjika, akaambiwa avumilie. Kusamehewa hakukufuta deni. Kisha anakuja mtawa Maha Ghosananda wa Kambodia, ambaye baada ya utawala wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979 aliingia kambi za wakimbizi mpakani mwa Thailand akigawa karatasi zenye maneno ya Metta Sutta, hotuba ya Buddha kuhusu metta, kwa watu waliopoteza jamaa zao, na kuanzia 1992 akaongoza matembezi ya amani, Dhammayietra, kupitia maeneo ambayo vita vilikuwa havijakoma.

Baada ya hapo, kimya juu ya Myanmar. Hilo halikubaliki. Mwaka 2017 Warohingya, Waislamu wa Myanmar, zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh wakikimbia jeshi la nchi yenye Wabuddha wengi, baada ya miaka ya mahubiri ya chuki kutoka kwa baadhi ya watawa. Juni 2014 Waislamu wa Aluthgama, Sri Lanka, walishambuliwa baada ya mkutano uliohutubiwa na mtawa. Anayefundisha huruma ya Kibuddha Lamu, kwa wasikilizaji ambao wengi wao ni Waislamu wanaofuata habari hizo, ana wajibu wa kuyasema mwenyewe kabla hajaulizwa, na kuonyesha wapi mafundisho yalisalitiwa. Aya ya 129 ya Dhammapada, kitabu cha aya za Buddha, inatosha kuanzia: wote huogopa kifo, jilinganishe na wengine, usiue wala usisababishe mwingine aue. Watawa wale walivunja kipande cha pili. Kulifunika kunawapa wasikilizaji sababu ya kushuku mengine yote, na mengi kati ya hayo ni mazuri.

Pia kaunti hii ilipitia mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa. Kabla ya kuwataka watu wawatafakari wauaji wa umma, mwalimu aulize faraghani, siku moja kabla, kama kuna aliyefiwa pale. Anauliza mbele ya wote, na mbele ya wote hakuna anayeinua mkono.

Darasa linawafaa sana wanaopokea maumivu ya wengine kila siku: wauguzi, wazee wa suluhu, walimu, wanaosikiliza kesi za nyumbani. Watajifunza kutofautisha huruma na huzuni inayojifanya huruma, ambayo Buddhaghosa aliita adui yake wa karibu. Anayezama pamoja na mwenye shida hana mkono wa kumvuta. Linamfaa pia mtu ambaye hatari yake imepita na hasira imebaki.

Halimfai bado anayepigwa sasa. Huyo kwanza atoke kwenye hatari. Namba 1195 hupigwa bure kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa mtoto. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina muda huo, na mapema ni bora. Asioge wala asifue nguo alizovaa. Fomu ya P3, ya daktari kuandika majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa polisi. Sheria ya kujikinga na ukatili wa nyumbani ya 2015 inaruhusu kuomba mahakamani amri ya kumzuia mkosaji asikaribie. Hayo yote yanafanyika bila chuki, na mwalimu angeyaweka kwenye ile karatasi yake asingekuwa amekwenda kinyume na somo lake hata kwa neno moja.

Kwa wanaotoka Amu, yaani mji wa Lamu: kwenda kwa miguu ufukoni ni kama dakika 40, lakini wakati wa bamvua maji yakijaa njia inafunikwa, na usiku usijaribu. Kundi la usiku humalizika boti za kushirikiana zikiwa zimepungua, kwa hiyo patana na nahodha kabla ya kupanda paani, na mgawane nauli watu wanne au watano. Anayetaka kundi la alasiri aulize mapema, nafasi ni chache na hujaa kwanza. Na unapolipa, mwombe mwalimu akuruhusu jioni ya tatu ubaki na mtu wa kati mpaka mwisho. Ukimwomba anakubali.